Mgeni anataka kufanya pati kwenye nyumba ninayokodisha kwa siku: nimruhusu?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu aliniachia fleti ya vyumba viwili hapa Kilimani, Nairobi, na huikodisha kwa siku. Wengi wanaopiga simu wikendi wanataka kufanya sherehe. Mwezi uliopita mtu alilipia wageni wawili, wakaingia kama ishirini. Askari wa geti alipewa kitu kidogo akanyamaza. Asubuhi nilikuta chupa za pombe bafuni, makaa ya shisha yametoboa zulia, na jirani wa chini, mama mwenye kichanga, alikesha. Pesa za usiku ule bado ziko kwenye simu, sijazigusa. Je, ni halali? Niwe naruhusu pati? Na nikiweka kamera sebuleni nitakuwa nimekosea?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu mumeo, dada yangu, na akubarikie alichokuachia.

Nianze na pesa, maana naona ndizo zinazokusumbua. Ulimkodisha mtu nyumba usiku mmoja, walale watu wawili. Hiyo ni ijara (mkataba wa kukodisha) sahihi. Aliyoyafanya baada ya kufunga mlango, nawe hujui, ni mzigo wake mwenyewe. Kodi ni yako, itumie. Zulia pia alilipe, kwa kuwa aliyeaminiwa mali ya mtu akapindukia mipaka hudhamini alichoharibu. Kata kwenye depoziti gharama ya zulia na ujira wa aliyekuja kusafisha, kisha kilichobaki mrudishie kwa M-Pesa hata kama moyo hautaki. Kumkata zaidi ya hasara ili kumtia adabu, mimi sioni njia.

Hukumu hugeuka pale unapojua. Mtu akikwambia, "Tutakuwa thelathini, vinywaji tunakuja navyo," nawe ukaelewa ni vinywaji gani, kisha ukampa ufunguo, hapo umeingia. Allah anasema katika aya ya pili ya Suratul Maida: saidianeni katika wema na uchamungu, wala msisaidiane katika dhambi na uadui. Mtume ﷺ amewalaani watu kumi kwa sababu ya pombe, tangu anayeikamua mpaka anayekula thamani yake. Mwenye nyumba hakutajwa katika hao kumi, na wapo wanaojificha nyuma ya hilo. Lakini Ibn Qudama, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali, katika kitabu chake cha fiqhi al-Mughni ameeleza kwamba haifai mtu kukodisha nyumba yake kwa anayeifanya mahali pa kuuzia pombe au kuchezea kamari. Utaambiwa Imam Abu Hanifa aliruhusu. Ni kweli kuna ruhusa iliyopokewa kwake, kwa nyumba za mashambani kule Iraq, na wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, hawakukubaliana naye. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tusiende kuazima ruhusa ya Iraq kwa ajili ya wikendi za Kilimani.

Sasa tuseme hakuna pombe. Ni akika, au mahafali, au akina mama wamekusanyika kumpongeza mwenzao mjamzito. Asili ya mikusanyiko hiyo ni ruhusa, na hapa ndipo wengi hupita haraka. Fleti si boma. Sakafu yako ni dari ya mwenzio. Ukiburuta kiti, yeye anakisikia kitandani. Unachomiliki wewe ni vyumba viwili. Usingizi wa yule mama wa chini hukuachiwa na marehemu, basi huna haki ya kuukodisha. Mtume ﷺ aliapa kwa Allah mara tatu kwamba haamini mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Tena hakubagua kelele nzuri na mbaya: masahaba walipokuwa wakisoma Qur'ani kwa sauti msikitini, aliwaambia kila mmoja ananong'ona na Mola wake, basi wasiudhiane. Ikiwa Qur'ani imewekewa mpaka, sabufa itasemaje? (Na sisi wa maulidi ya spika nne mpaka saa saba usiku tujisikilize pia.)

Kuna na masharti uliyoyakubali. Mtume ﷺ amesema Waislamu hufungwa na masharti yao. Soma kanuni za jengo lenu. Kama nyumba umeitangaza Airbnb, wao walipiga marufuku pati Agosti 2020 na mwaka 2022 wakaifanya marufuku ya kudumu, ulipojisajili ulikubali. Serikali nayo ina kanuni za kelele za mwaka 2009.

Kwa hiyo rai yangu ni usiruhusu pati kwenye fleti hiyo, hata ya halali. Ungekuwa na nyumba ya peke yake Karen, yenye kiwanja, majirani wamearifiwa na muda wa kumaliza unajulikana, ningekujibu vingine. Mwandikie mgeni kabla hajalipa: idadi ya watu, hakuna pati, na kila atakayelala aonyeshe kitambulisho. Baada ya wanawake waliouawa Januari 2024 katika nyumba za namna hii hapa Nairobi, kitambulisho hakina mjadala. Askari wa geti mpe namba yako, na umwambie wazi kuwa alichopokea ni rushwa.

Kamera sebuleni, hapana. Allah amekataza kupelelezana, na mgeni wa kike huvua hijabu yake pale. Iweke nje, ielekee mlango wako tu, na umjulishe mgeni kabla.

Limebaki moja ambalo hukuuliza. Shuka kwa yule mama mwenye kichanga umwombe radhi, kwani haki ya mja husamehewa na mwenyewe. Usimwambie ni makosa ya mgeni. Mgeni ameshaondoka, anayejulikana pale ni wewe.

Wallahu aalam.