Unataka kutengeneza programu ya afya ya akili kwa jamii za asili? Anza na sauti

Msomaji mmoja ameuliza: ana mafundi wawili wa programu na ufadhili kidogo, anataka kuwasaidia vijana wa jamii ya asili, aanzie wapi? Aangalie Australia kwanza.

iBobbly, programu ya simu ya afya ya akili, ilijaribiwa Kimberley, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, kwa watu 61 wa jamii za asili za huko, Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait, wa miaka 18 hadi 35. Matokeo yalitoka 2017: sonona na msongo vilipungua, lakini kwenye mawazo ya kujiua hapakuwa na tofauti ya maana na kundi lililosubiri zamu ya kuitumia. Kwa hiyo usimwahidi mfadhili kwamba programu yako itazuia vifo. (Wanaoahidi hivyo wapo, na fedha wanapata.)

Ukishaipakua, iBobbly haihitaji intaneti, na ina nenosiri. Fuata hapo hapo. Simu ya kijijini hushikwa na ndugu wanne. Bila nenosiri, siri ya mtu imeshakwisha.

Sauti ndiyo kazi kubwa. Rekodi watu wa pale pale, vipande vya sekunde 30, chaneli moja, kilobiti 32 kwa sekunde. Kila kipande kitakula kilobaiti 120 hivi, na vipande mia havizidi megabaiti 12. Sasa, katika jamii nyingi za Waaborijini mtu akifariki, jina, picha na sauti yake huwekwa kando wakati wa msiba. Ukiwa umefungia sauti ya mzee ndani ya programu, utawaumiza wafiwa kila inapofunguliwa. Weka kila msemaji kwenye folda yake, uwe na msemaji wa akiba, na mfanyakazi wa kituo aweze kuizima sauti hiyo hata pasipo mtandao. Makubaliano na familia yafanyike kabla ya kurekodi.

Usifungue na dodoso. Stay Strong, programu nyingine, ya taasisi ya utafiti wa afya ya Menzies kule Darwin, mhudumu na mteja huijaza pamoja, wakianza na watu wanaomtia mtu nguvu. Yanayomlemea huja baadaye.

Dodoso la PHQ-9 (maswali tisa ya kupima sonona) likiwemo, swali la 9 linagusa kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri lilete papo hapo kitufe cha kupiga simu, maana kupiga hakuhitaji bando la intaneti. Kwa Australia ni laini ya msaada ya 13YARN, namba 13 92 76, saa 24, na wanaopokea ni Waaborijini na watu wa Torres Strait wenyewe. Na ujumbe kwa mhudumu ukikwama kwa kukosa mtandao, skrini iandike wazi: HAUJAFIKA.