Maswali yenu kuhusu Pamukkale na magofu ya Hierapolis, Uturuki

Tunatoka Selçuk kwa gari, tunaelekea Antalya. Pamukkale tutasimama kwa muda wa saa mbili. Zinatosha?

Kwa picha, ndiyo. Kwa mahali penyewe, hapana, na ningewasihi mtoe angalau nusu siku. Ule mlima mweupe mnaouona kutoka barabarani umebeba mji mzima mgongoni: Hierapolis, ulioanzishwa na wafalme wa Pergamo katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Ingieni kwa lango la kaskazini ili mpite kwanza makaburini. Yapo zaidi ya 1,200, mengine makubwa kama nyumba. Wagonjwa walikuja hapa kutafuta nafuu ndani ya maji ya moto, na wengi hawakurudi kwao. Kila nikipita hapo mwendo hupungua wenyewe. Humo ndimo lilimopatikana jeneza la mawe la Ammianos, la karne ya 3, ambalo kifuniko chake kimechorwa msumeno wa kukatia mawe ukiendeshwa na gurudumu la maji. Mtu alijivunia kazi yake mpaka kaburini.

Ni lazima kuvua viatu tukitembea juu ya ule mlima mweupe? Tunakwenda Januari.

Lazima. Maji hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 35 hivi, yamejaa chokaa iliyoyeyuka. Yakikutana na hewa, gesi ya kaboni dioksidi huyatoka na chokaa hubaki, mwanzoni laini kama uji, baadaye jiwe. Soli ya kiatu huikwangua na kuichafua ikiwa bado changa. Januari nyayo zitawauma pale maji yalipokwisha kupoa. Bebeni taulo, na mfuko wa kutilia viatu.

Mbona rafiki yangu alikuta mabwawa mengi ya mlimani makavu?

Maji huelekezwa kwa zamu, sehemu moja ikinywa nyingine inapumzika. Miaka ya nyuma hoteli zilijengwa juu kabisa, zikayavuta maji na weupe ukafifia. UNESCO iliorodhesha eneo hili kuwa urithi wa dunia mwaka 1988, na hoteli zile zikaja kubomolewa. Ukikuta bwawa kavu, usisikitike: linatunzwa.

"Lango la Kuzimu" ni hadithi tu?

Si hadithi. Ni pango dogo ndani ya magofu ya Hierapolis. Strabo, mwanajiografia wa kale, aliandika kwamba alirusha shomoro ndani wakafa papo hapo. Ufa wa ardhini hutoa kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutanda chini. Fahali wa kafara, pua yake ikiwa chini, alianguka. Kuhani aliyesimama wima alitoka mzima, na watu wakaona muujiza. Gesi hiyo inatoka hadi leo. Msivuke vizuizi.

Bwawa la Kleopatra je?

Tiketi yake ni ya peke yake. Unaogelea juu ya nguzo za marumaru zilizoangushwa na tetemeko, na hilo latosha. Habari za Kleopatra mwenyewe, malkia wa Misri ya kale, kuoga hapo hazina ushahidi.

Laodikia ya kwenye Ufunuo iko mbali?

Kama kilomita 10 tu. Paulo anaitaja pamoja na Hierapoli katika Wakolosai 4:13. Huko tafuteni mabomba ya kale ya maji: ndani yamezibwa na chokaa, safu juu ya safu. Halafu geukeni kaskazini, na ng'ambo ya bonde mtauona ule mlima mweupe mliotoka kuukanyaga asubuhi.