Maswali na majibu: Buibui wa milimita moja hutambuliwaje?

Tangu tuandike kuhusu buibui wadogo wanaoishi kwenye majani makavu ya msitu wa Pugu, wasomaji wameleta maswali mengi. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Nimempiga picha buibui mdogo mwekundu ukutani bafuni. Nimetafuta mtandaoni, simpati. Je, ni spishi mpya? (Msomaji, Sinza)

Mtazame tena kwa lenzi kwanza. Kama mwili wake ni kipande kimoja tu, huyo si buibui, ni utitiri. Buibui ana sehemu mbili, kichwa na kifua vilivyoungana, kisha tumbo, na katikati kiuno chembamba. Wengi wana macho manane, ingawa wadogo wa jamii ya Oonopidae kwa kawaida wana sita.

Akiwa buibui kweli, bado picha peke yake haitoshi. Rangi hubadilika kwa umri na hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Isitoshe, Dar ni mji wa bandari, na buibui wengi wa majumbani wamezunguka dunia wakiwa ndani ya mizigo. Yule mrukaji anayewinda nzi ukutani, Plexippus paykulli, anajulikana karibu nchi zote za joto.

Hata hivyo usikate tamaa. Evarcha culicivora, buibui mrukaji wa maeneo ya Ziwa Victoria anayependa kumla mbu jike aliyeshiba damu, anaonekana hadi kwenye kuta za nyumba za watu, na alipewa jina la kisayansi mwaka 2003 tu.

Buibui mdogo kuliko wote duniani ana ukubwa gani? (Msomaji, Tabata)

Anayetajwa sana ni Patu digua wa Kolombia. Dume lake lina urefu wa milimita 0.37 hivi.

Shikamoo mwalimu. Wataalamu wanajuaje kwamba huyu ni mpya na si wa zamani? (Mwanafunzi, Ubungo)

Marahaba. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo ninapotamani vijana wetu wengi zaidi wafike.

Buibui huhifadhiwa kwenye spiriti, kisha huwekwa chini ya hadubini. Kitu cha kwanza kuangalia ni kama ni mtu mzima, kwa sababu mtoto wa buibui ni vigumu mno kumpa jina la spishi. Dume aliyekomaa ana vipapasio viwili mbele ya uso vilivyovimba ncha, kama aliyevaa glavu za ndondi. Ndivyo anavyotumia kupeleka mbegu kwa jike. Jike aliyekomaa ana kibamba kigumu chini ya tumbo, karibu na kiuno. Viungo hivi vya uzazi ndivyo vinavyotenganisha spishi zinazofanana kwa kila kitu kingine, na ndiyo maana mtaalamu huanzia hapo.

Kwa dume, desturi ni kuchora kipapasio cha kushoto, ili michoro ya watu mbalimbali iweze kulinganishwa moja kwa moja. Kwa jike, kibamba hukatwa kwa sindano nyembamba na kuwekwa kwenye tone la mafuta ya karafuu, haya haya ya Unguja na Pemba. Nyama inaanza kupitisha mwanga, na taratibu mirija na vifuko vya ndani vinajitokeza. Ukikaa kwenye hadubini muda huo unaona mkunjo mmoja baada ya mwingine. Wakati mwingine ni mkunjo mmoja tu unaomtofautisha na jirani yake wa mlima wa pili.

Halafu unalinganisha. Majina ya buibui yanahesabiwa tangu kazi ya Msweden Carl Clerck ya mwaka 1757, na orodha ya dunia inayotunzwa Bern, Uswisi, ilivuka spishi 50,000 mwaka 2022. Orodha hiyo inasomwa bure. Kinachouma ni kwamba vielelezo vingi vya kwanza vya buibui wa Afrika Mashariki, yaani buibui wale wale waliotumika kutoa majina, viko kwenye makumbusho ya Ulaya, hasa Tervuren, Ubelgiji, na Copenhagen, Denmark. Mwanafunzi wa Mlimani anayetaka kumlinganisha buibui wa Uluguru hana budi kuomba picha au kusafiri. Kwa maoni yangu, makumbusho hayo yana deni la kupiga picha kila kielelezo na kuziweka wazi kwa wote.

Vipimo vya vinasaba husaidia pia, hasa kumwoanisha dume na jike wasiofanana. Zamani wawili kama hao waliweza kupewa majina mawili tofauti. Ikigundulika hivyo, jina lililotangulia ndilo linalobaki.

Nikimpata mimi, ataitwa kwa jina langu? (Msomaji, Kigamboni)

Jina hutolewa na anayemwelezea kwenye chapisho la kisayansi. Kwa desturi hampi buibui jina lake mwenyewe, lakini anaweza kumwenzi aliyemkamata. Na tangu mwaka 2000, ni lazima buibui mmoja au zaidi watajwe wazi kuwa kielelezo cha jina hilo.

Wanauma? Nina watoto wadogo. (Mama, Mbagala)

Karibu buibui wote wana sumu, ila chonge za buibui wa milimita moja au mbili haziwezi kupenya ngozi ya mtu. Mtoto akitoka kipele kinachovimba na kuuma, usimsingizie buibui ukakaa nyumbani. Mpeleke zahanati.

Klabu yetu ya sayansi inataka kukusanya buibui Pugu. Tuanzie wapi? (Mwalimu wa sekondari, Kisarawe)

Ombeni ruhusa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, maana ni msitu wa hifadhi. Kama ni utafiti wa kuchapishwa, kibali kinatoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Msitu huo umekatwa sana kwa mkaa, kwa hiyo chukueni majani kidogo na myarudishe mlipoyatoa.

Chekecheni majani makavu juu ya kitambaa cheupe, kisha tulieni. Kinachoonekana kama vumbi kitaanza kutembea. Mkimwona buibui, mguseni kwa brashi nyembamba iliyoloweshwa spiriti, atanata, mtieni chupani. Ndani ya kila chupa wekeni kikaratasi chenye tarehe, mahali, aina ya majani na jina la aliyekusanya, kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti. Msichanganye buibui wa sehemu mbili kwenye chupa moja. Mkimaliza, wasilianeni na idara ya zoolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na waulizeni kama wanafunzi wako wanaweza kwenda kukaa kwenye hadubini na buibui wao wenyewe.