Kushtuka, kugutuka, degedege: tusiyachanganye

Dada yangu, umesema kichanga chako cha miezi miwili kinarusha mikono usingizini, mama mwenye nyumba anakwambia ni degedege, na unauliza kama degedege na kushtuka ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Mimi kuchanganya maneno hayo kulinigharimu.

Kushtuka ni neno pana. Mlango ukibamizwa unashtuka, ukipigwa na shoti ya umeme unashtuka, na hapa Dar mtu akikwambia "ukifika nishtue" anataka umjulishe tu. Kugutuka ni kwa aliyezama usingizini au mawazoni, akazinduka ghafla. Kukurupuka ni kuinuka mbio, kama ndege aliyefumwa kichakani, na ndiyo maana anayeamua bila kufikiri tunamwambia amekurupuka. Kuku aliyechinjwa anapapatika. Ukope nao hatusemi unashtuka, tunasema jicho linacheza, na wazee wataanza kuuliza la kulia au la kushoto.

Degedege ni jina la ugonjwa. Asili yake wengi huihusisha na dege, yaani ndege mkubwa, kwa imani kwamba kuna ndege au shetani anayempitia mtoto usiku. Kwa sababu ya imani hiyo wengine humfukizia mtoto moshi wa kinyesi cha tembo, na wanaogopa sindano wakiamini itamuua.

Mwanangu wa kwanza alipata homa kali tukiwa Mbagala, akiwa na mwaka mmoja na nusu. Nyumbani kwetu jina la degedege halikutajwa mbele ya mgonjwa, nami nikalibeba zoea hilo hadi zahanati. Pale mapokezi nikasema, "Mtoto anashtukashtuka." Nikajibiwa watoto wote hushtuka, nikae kwenye foleni. Nikakaa. Mwili ulikuwa umekakamaa, macho yamegeuka juu, mkono mmoja unapigapiga bila kukoma, na mimi nimemfunika khanga nikidhani ni baridi. Mama mmoja wa makamo pembeni yangu akaifunua ile khanga, akapiga kelele: "Nesi, huyu ana degedege!" Hapo ndipo watu walipokimbia. Kipimo kikaonyesha malaria. Alipona, namshukuru Mungu, lakini zile dakika za foleni bado zinaniuma, maana zilitokana na neno nililolichagua mimi.

Sasa mwanao. Kichanga akisikia kishindo, au akihisi kama anadondoka, hutanua mikono kisha huirudisha kifuani. Huko ndiko kushtuka, na kwa kawaida huisha akifika miezi minne hadi sita. Mshike mkono taratibu: kushtuka na kutetemeka hutulia ukishika, degedege haitulii, utausikia mkono unaendelea kupiga ndani ya kiganja chako. Ila kwa vichanga degedege huweza kuja kimyakimya, macho yakakaza upande mmoja au mdomo ukatafunatafuna bila chakula. Ukiona hivyo, au akiwa na homa yoyote kwa umri huo, nenda hospitali mara moja, usingoje.

Degedege ya homa yenyewe huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Mtoto mlaze ubavu, umlegezee nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, na utazame saa. Ikizidi dakika 5 ni dharura kubwa, lakini hata ikikoma mapema mpeleke, kwa sababu nyuma yake inaweza kuwa malaria au homa ya uti wa mgongo. Degedege ikirudia mara kwa mara bila homa, daktari atachunguza kifafa, na hilo ni jambo jingine.

Kuna simu mkononi siku hizi, rekodi hata nusu dakika ukamwonyeshe daktari. Na ukifika dirishani usiseme "anashtukashtuka" kama mimi. Sema mkono upi, macho yalikuwaje, ilichukua dakika ngapi, alikuwa na homa au hana.