Jibu: Tiba ya jeni na kliniki ya damu
Ndugu, umeuliza kama mgonjwa wa selimundu akishapata tiba ya jeni ataachana na daktari bingwa wa damu. Hapana. Katika tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, seli shina (seli mama zinazozalisha seli za damu) za mgonjwa mwenyewe huchujwa kutoka kwenye damu yake, utendaji wa jeni ya BCL11A, inayozima himoglobini ya utotoni, hupunguzwa maabara ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ya mtoto aliye tumboni, kisha seli hizo hurudishwa kwa dripu baada ya busulfani, dawa kali ya kemotherapi, kuteketeza uboho wa zamani (sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu). Hapo ndipo penye uzito: busulfani inaweza kuharibu uwezo wa kuzaa, na nasisitiza hilo lizungumzwe mapema. Ufuatiliaji kwa daktari wa damu huendelea kwa miaka mingi. Anayesubiri tiba hii asikatishe haidroksiyurea, dawa ya kila siku ya selimundu, bila ushauri wa daktari.