Barua kwa mwanangu: rivyu ya ukumbi mdogo

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama uache kazi, na kama mtu anaweza kuishi kwa kuongoza rivyu za ukumbi mdogo, zile za nyimbo na vichekesho vifupi visivyofungwa na hadithi moja. Mjomba wako atakujibu kwa hesabu, kama kawaida yake. Mimi nasema nilichosema siku zote: rivyu ni mpangilio.

Kichekesho kisizidi dakika nne. Taa zizimwe watu wanapoangua kicheko. Zikichelewa sekunde mbili tu, mwigizaji anabaki amesimama bila la kufanya na kicheko kinapoa. Wimbo wa mtu mmoja mbele ya pazia una kazi: nyuma yake samani zinahamishwa na mwigizaji wa kipande kijacho anavaa. Akihitaji dakika tatu kubadili nguo nawe umempa wimbo wa dakika mbili, mpiga piano atarudia kiitikio na ukumbi mzima utajua kuna jambo. Rivyu ni mpangilio.

Aliyelijua hilo ni André Charlot, mtayarishaji wa rivyu, Mfaransa aliyehamia London mwaka 1912. Mshindani wake Cochran alimwaga fedha kwenye mapambo. Charlot aliwategemea waigizaji. Januari 1924 aliwapeleka Beatrice Lillie, Gertrude Lawrence na Jack Buchanan Broadway, kwenye kumbi za New York, katika Times Square Theatre. New York ilizoea maonyesho ya mtayarishaji Ziegfeld, walimbwende na manyoya ya mbuni. Hawa walikuja na wepesi wa ulimi, na mji ukawapenda! Nikiwaza tu jinsi Lillie alivyoimba uzalendo akiwa amevaa kama Britannia, yule mwanamke wa mfano anayesimama kwa Uingereza, nafurahi.

Lakini ili ampate Lawrence, Charlot alimtoa kwenye rivyu yake nyingine, *London Calling!*, iliyokuwa bado jukwaani London, ukumbi wa Duke of York's. Hilo linaniuma mpaka leo. Unamng'oaje mtu ambaye vipande vimepangwa kumzunguka? Ingawa, bila Lawrence, Broadway ingemsikiliza nani? Labda alilazimika. Hapana, bado naona aliuvunja mpangilio wake mwenyewe.

Baadaye fedha zilimwishia, akahamia Hollywood na kuigiza visehemu vidogo kwenye filamu. Alifariki mwaka 1956. Najua mjomba wako ataishikilia aya hii.

Uache kazi? Ulimi unaniwasha, ila sisemi. Niletee kwanza orodha ya vipande vyako kwa mfuatano, kila kimoja na dakika zake, na nani anabadili nguo wapi.

Mama yako