Kumwigiza Okot p'Bitek peke yako jukwaani

Ndugu yangu, umeuliza kama kurasa 40 ulizoandika kuhusu mshairi wa Uganda Okot p'Bitek, kuanzia kuzaliwa kwake Gulu 1931 hadi kufariki 1982, zinatosha kwa onyesho la mtu mmoja. Zimezidi! Maisha mazima hayaingii kwenye saa moja.

Mimi ningechagua usiku mmoja tu. Okot aliwahi kuongoza kituo cha utamaduni chenye lile Jumba la Taifa la Maonyesho hapo Kampala, kisha siasa zikamng'oa, akaenda kuishi Kenya. Mweke chumbani Nairobi, sanduku halijafunguliwa. Anatoa kiatu cha kuchezea soka: hapo ndipo unaponong'ona kwamba alikwenda Uingereza miaka ya 1950 kama mchezaji wa timu ya taifa, akabaki kusoma, hadi anthropolojia, yaani elimu ya jamii na tamaduni za watu, huko Oxford. Fungua kamba za kiatu polepole. Usiongee. Watu watakusogelea wenyewe.

Jambo linalonigusa zaidi ni hili: anazungumza na nani? Ukihutubia ukumbi, utakuwa mwalimu wa historia. Mpe mtu wa kugombana naye, hata kiti kitupu. Mawazo ya Okot yalizaliwa katika ubishi. Ndiyo maana Lawino, yule mke katika shairi lake maarufu, anamkabili mumewe, Ocol, uso kwa uso.

Ukitaka kutumia mistari ya shairi hilo, "Wimbo wa Lawino" (1966), omba kibali kwa wenye haki mapema, kabla hujachapisha tiketi. Na nyimbo ziimbe kwa Kiacholi, lugha ya kwao Okot. Mtafute mama wa Kiacholi akusahihishe matamshi, neno kwa neno.